Sura ya Nne: Ganda Hujengwa Usiku

Kuku wa kwanza nilimkuta nyuma ya kiota cha mwisho, amelala ubavu, miguu kainyoosha nyuma. Ilikuwa Februari, saa kumi na mbili asubuhi, na joto la Kibaha lilikuwa limeamka kabla yangu. Nilidhani amekufa. Nilipoinama akafumbua jicho, jicho angavu kabisa, na upanga wake ulikuwa mwekundu kama wa kuku mwenye afya. Nikamwinua. Chini yake palikuwa na yai lenye joto. Alikuwa ametaga alfajiri ile ile hali hawezi kusimama. Nililishika kwa vidole viwili kama nilivyozoea, na kidole gumba kikazama ndani.

Mpaka jua linapanda nilikuwa nimewatenga saba. Wengine wawili niliwakuta wamekufa chini ya vichanja, bila jeraha na bila dalili ya kuharisha.

Bwana mifugo wa kata alifika saa nne kwa pikipiki. Hakuwa na haraka. Akauliza wana wiki ngapi, nikamwambia thelathini na mbili. Akauliza wamechanjwa kideri lini, wanakula nini, chakula nakichanganya mwenyewe au nanunua. Kisha akaniomba ruhusa achinje mmoja kati ya wale saba. Alipompasua tulikuta yai ndani ya mfuko wa ganda, limevikwa nusu, ganda lake bado linapukutika kama unga. Akautoa mfupa wa paja, akaufuta, akaushika kwa ncha za vidole na kuukunja. Mfupa wa kuku mzima ukivunjwa hulia. Huu ulikatika kimya, kama biskuti iliyoingia unyevu.

"Mwalimu," akaniambia, "hawa hawana kideri wala kipindupindu. Hawa wamejila."

Nilimwelewa neno, sikuelewa maana. Nilikuwa na daftari mkononi, na daftari lilisema mambo yanakwenda vizuri. Kuku 300, trei nane na nusu kila siku, wiki sita mfululizo. Nilikuwa nikilionyesha daftari lile kwa wageni. Lakini daftari la mayai huandika kilichotoka bandani. Haliandiki kimetoka wapi, na kwa wiki zile sita sehemu ya kila trei niliyouza ilikuwa imetoka kwenye mapaja, mbavu na vidari vya kuku wangu.

Hesabu ndiyo iliyonifungua macho, basi tuifanye pamoja. Yai la kawaida la kuku wa kisasa lina uzito wa gramu 60 hivi. Ganda ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito huo, na karibu ganda lote, asilimia 94 au 95, ni kalsiamu kaboneti, yaani jiwe lile lile la chokaa linalochimbwa Tanga na Wazo Hill kutengenezea saruji. Ganda moja lina gramu 2 na ushee za kalsiamu. Mifupa yote ya kuku, kuanzia fuvu hadi ncha ya kidole cha mguu, ina gramu 20 hivi. Kwa hiyo kila yai linalotoka linaondoka na kalsiamu iliyo sawa na sehemu moja ya kumi ya mifupa ya mama yake. Akitaga mayai 300 kwa mwaka, ametoa zaidi ya gramu 600. Ni mifupa thelathini ya kuku mzima, imepita kwenye mwili mdogo usiozidi kilo mbili.

Kuku wa bibi yangu hakuwa na deni la namna hiyo. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi na mawili, kumi na matano, kisha huatamia, hulea vifaranga, na kwa mwaka mzima hafikishi zaidi ya mayai 40 hadi 60. Siku anazoatamia na kulea ndizo mifupa yake inapopumzika. Tena mchana kutwa yuko jalalani, anadonoa konokono, vipande vya mifupa, maganda, udongo, na jua linampiga. Kuku wa kisasa amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili atage kila siku na asiatamie kabisa. Tumeubadilisha mfuko wake wa mayai kwa kiasi cha kushangaza, lakini mifupa tuliyompa ya kuhimili kazi hiyo ni ile ile. Mimi nadhani mfugaji anapaswa kulijua hili kabla ya kununua kifaranga wa kwanza, kwa sababu akishamfungia bandani, kila kitu ambacho kuku angejitafutia jalalani kinakuwa jukumu la yule anayeshika ndoo.

Sasa tumfuate huyu kuku kwa saa 24 zake. Kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Tuseme 115. Ikiwa chakula hicho kina kalsiamu asilimia 4, anapata gramu 4.6. Si yote inayoingia mwilini. Kwa wastani ni kama nusu yake. Nusu ya 4.6 ni 2.3, na ganda linataka 2 na ushee. Hesabu inafunga, ila inafunga kwa kubana. Chakula kikiwa na kalsiamu asilimia 2, au kuku akila gramu 85 badala ya 115 kwa sababu ya joto, upungufu unaanza siku ile ile.

Yai huchukua saa 24 hadi 26 kukamilika. Kama nusu saa baada ya kutaga, kiini kingine hudondoka na kuanza safari. Ute hukivika kwa saa 3 hivi. Ngozi mbili nyembamba, zile unazoziona ukimenya yai lililochemshwa, huchukua saa moja na kidogo. Halafu yai huingia kwenye mfuko wa ganda na kukaa humo saa 18 hadi 20. Muda wote huo uliobaki ni wa kazi moja tu, kujenga ganda. Na kwa kuwa kuku wengi hutaga asubuhi, sehemu kubwa na ya kasi zaidi ya ujenzi huo huangukia usiku, wakati taa imezimwa, kuku amelala kichanjani na kihori kimekauka.

Kasi yenyewe ni kali. Kalsiamu yote inayozunguka kwenye damu ya kuku kwa wakati mmoja haitoshi kujenga ganda kwa robo saa. Lazima damu ijazwe upya tena na tena usiku kucha. Ikiwa tumboni bado kuna chokaa inayoyeyuka, itatoka humo. Ikiwa hakuna, mwili hugeukia mifupa.

Kuku ana mfupa maalumu kwa kazi hii. Wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, homoni ya estrojeni inapopanda, uwazi ulio ndani ya mifupa yake mirefu huanza kujazwa na nyuzi laini za mfupa mwingine, mwekundu, wenye damu nyingi. Huo ni ghala. Haubebi uzito wa mwili. Kazi yake ni kukopesha usiku na kulipwa mchana. Mwaka 1934 Kyes na Potter waliueleza kwa kina kwa kuchunguza njiwa majike. Na umri wa jambo hili unanistaajabisha kila ninapoukumbuka: mwaka 2005, Mary Schweitzer wa Marekani alitangaza kuwa ameukuta mfupa wa aina hiyo ndani ya paja la dinosau, Tyrannosaurus rex wa miaka milioni 68 iliyopita, paja lililokuwa limevunjwa kwa sababu halikuenea kwenye helikopta. Aliyekuwa amelala pale Montana alikuwa jike, na alikuwa katika majira ya kutaga.

Ghala likilipwa kila mchana, kuku huenda miezi na miezi bila tatizo. Lisipolipwa, shida huanza kimyakimya. Mwili hauna uwezo wa kumega ule mfupa wa akiba peke yake. Humega pia mfupa mgumu wa nje, ule unaomsimamisha. Na ilhali ule wa akiba hujazwa upya haraka, huu mgumu haujengwi tena maadamu kuku anaendelea kutaga. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Yai linaendelea kutoka, ganda linaendelea kupendeza kwa wiki kadhaa, daftari linaendelea kusoma trei nane na nusu. Siku unapoona ganda jembamba, mkopo umekuwa wa muda mrefu. Ugonjwa huu wa kuku kulegea na kushindwa kusimama ulianza kuandikwa sana Marekani miaka ya 1950, kuku walipoanza kufungiwa kwenye vizimba vya waya. Walioupata walikuwa wale wanaotaga vizuri kuliko wenzao. Hata bandani kwangu wale saba walikuwa hivyo. Niliwajua kwa upanga mwekundu na kwa nafasi pana kati ya mifupa ya nyonga, ambayo mfugaji hupima kwa vidole.

Bwana mifugo hakuniandikia dawa siku ile. Aliomba ungaunga wa chakula changu na bakuli la siki.

Nilikuwa nanunua chakula kwa mchanganyaji mmoja, kwa kuwa bei yake ilikuwa chini kidogo kuliko ya wengine. Hakunificha kwamba anaweka kilo 4 za chokaa kwa kila kilo 100 za chakula. Sikujua tu kwamba namba ile ni ndogo. Chokaa nzuri ya mifugo ina kalsiamu kama asilimia 38, kwa hiyo kilo 4 zinatoa asilimia 1.5 tu. Hicho ni chakula cha mitetea, si cha kuku anayetaga. Kuku anayetaga anahitaji jumla ya kilo 9 hadi 10. Lakini hata hizo kilo 4 hazikuwa kilo 4. Tulichukua kijiko cha chai cha chokaa aliyokuwa akiitumia, tukakimwagia siki nyingi. Chokaa halisi hutoa povu, huchemka kama soda, na ukiendelea kubadilisha siki huyeyuka karibu yote. Yetu ilichemka kidogo ikatulia. Kesho yake chini ya glasi kulikuwa na mchanga mweupe, safi, unaong'aa, karibu nusu ya kile tulichoweka.

Jaribio hili halina gharama, na namsihi kila mfugaji alifanye kwa kila mzigo mpya. Kuna mawili ya kuongeza. La kwanza, chokaa ya kupaka ukuta siyo chokaa ya kuku. Ile imechomwa, ni kali, huunguza mdomo na koo. Kuku hulishwa jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa, au kombe na maganda ya konokono wa pwani na wa ziwani yaliyopondwa. La pili, kuna mawe ya chokaa yenye magnesiamu nyingi, yaani dolomiti, ambayo wakulima huyatumia kupunguza uchachu wa udongo. Shambani yanafaa sana. Bandani huharisha kuku na kudhoofisha ganda.

Hata chokaa ikiwa safi na imetimia, ikisagwa kama unga wa ngano hufanya nusu ya kazi. Unga hupita tumboni haraka. Uliolishwa saa kumi jioni, usiku wa manane umekwisha. Chenga za ukubwa wa milimita 2 hadi 4, kiasi cha punje ya mtama au kubwa kidogo, huzama kwenye firigisi na kukaa humo, zikisagwa na kuyeyuka polepole usiku kucha, na kuku huamka bado ana jiwe la kujengea. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko Ulaya. Sisi tulio karibu na ikweta usiku wetu ni wa saa 12 mwaka mzima, na mfugaji asiyewasha taa anamwacha kuku bila chakula tangu magharibi hadi alfajiri, saa zile zile ambazo ganda linajengwa kwa kasi. Taa ya saa mbili tatu baada ya magharibi humsaidia kutaga kwa sababu ya mwanga, lakini humsaidia pia kwa sababu anapata kula mara ya mwisho akiwa tayari ana yai kwenye mfuko wa ganda.

Kuku mwenyewe anajua. Weka chenga za chokaa kwenye kihori cha peke yake na uketi kimya kuanzia saa kumi. Asubuhi wanakipita bila kukitazama. Jioni wanakuja mmoja mmoja, na utawatambua wanaojenga ganda usiku huo kwa jinsi wanavyong'ang'ania. Majogoo hawaji. Nilimwonyesha mjukuu wangu, akaniuliza nani amewafundisha. Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwambia aendelee kutazama.

Niligusie na fosforasi, kwa sababu wafugaji wengi huiacha wakidhani ganda haliihitaji. Ni kweli ganda lenyewe lina fosforasi kidogo sana. Ila mfupa umejengwa kwa kalsiamu na fosforasi pamoja, na usiku mfupa unapomegwa zote mbili huingia kwenye damu. Kalsiamu huenda gandani, fosforasi hutoka na kinyesi. Asubuhi ghala linataka zote mbili. Ukimpa chokaa tupu, mfupa haujengeki. Fosforasi iliyo kwenye pumba na mashudu ya alizeti ni nyingi ukiisoma kwenye karatasi, lakini sehemu kubwa yake imefungwa kwa namna ambayo tumbo la kuku haliwezi kuifungua bila kimeng'enya cha kuongezewa, na kile kilichoifunga hukamata na zinki njiani. Ndiyo maana tunatia DCP (dikalsiamu fosfeti), au unga wa mifupa, au dagaa. Unga wa mifupa uwe umepikwa kwa mvuke au umechomwa sawasawa. Mifupa mibichi ya machinjioni yaweza kuleta kimeta na magonjwa mengine nyumbani kwako. Wala usizidishe, kwani fosforasi nyingi kupita kiasi nayo huharibu ganda.

Dagaa wa Mwanza ni chakula bora kwa kuku: protini, fosforasi, kalsiamu, yote kwa pamoja. Lakini wengi wao huanikwa juu ya mchanga ufukweni, na mchanga huo husafiri nao hadi Pwani kwa bei ya dagaa. Tia kiganja cha dagaa waliosagwa kwenye chupa nyeupe ya maji, tikisa, acha itulie. Kinachozama haraka na kung'aa chini hakitageuka kuwa yai.

Kuna madini mengine ambayo kuku anayahitaji kwa vipimo vidogo mno, gramu 60 hadi 100 tu kwa tani nzima ya chakula, na mengine chini ya hapo. Zinki imo ndani ya kimeng'enya kinachogeuza hewa ya ukaa kuwa kaboneti ya ganda. Bila zinki ya kutosha, kalsiamu inafika kazini na kumkosa mwenzake. Manganizi hujenga utando ambao fuwele za ganda hujishikiza, na ikipungua kwa vifaranga, kano ya mguu huteleza kwenye kifundo na mguu hupinda nje. Jambo hili lilithibitishwa Chuo Kikuu cha Cornell miaka ya 1930. Shaba huimarisha ngozi za ndani ya ganda. Chumvi ya kawaida, kama gramu 300 kwa kilo 100, ikikosekana kuku huanza kudonoana hadi kutoana damu, na ikizidi hunywa maji kupita kiasi na kulowesha banda.

Vipimo vidogo hivi huja pamoja na vitamini katika pakiti ya primiksi, na hapa kosa letu huwa katika kuchanganya zaidi ya kununua. Kwa primiksi ya kilo mbili na nusu kwa tani, kilo 100 zinapata gramu 250. Ukizimwaga juu ya lundo na kugeuza kwa koleo mara tatu, kuku mmoja atakula ya wiki na mwingine asipate hata chembe. Changanya gramu zile na kilo 2 za pumba kwanza, ndani ya beseni, kwa mkono, mpaka rangi iwe moja. Kisha kilo hizo 2 uzitie kwenye kilo 10. Kisha ndiyo lundo. Na usifikiri kuongeza maradufu ni kuwapenda. Seleniamu, mojawapo ya madini yaliyomo, ni ya lazima kwa kiasi kidogo na ni sumu kwa kiasi kisicho kikubwa sana.

Watu hunilalamikia kwamba primiksi ni unga wa kuuza tu, kwamba kuku wa zamani hawakuuhitaji. Huwasimulia habari ya kuku wa Java. Mwishoni mwa miaka ya 1880, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, Jakarta ya leo, akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa uliokuwa ukiwapoozesha askari na wafungwa miguu. Ghafla kuku wa maabara yake wakaanza kupepesuka na kuanguka. Akatafuta kijidudu, hakukiona. Baada ya miezi kuku wakapona wenyewe. Alipouliza akagundua kwamba mhudumu alikuwa akiwalisha wali mweupe uliobaki jikoni kwa hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa kutoa wali wa jeshi kwa kuku wa kiraia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa, na miguu ikarudi. Eijkman mwenyewe alidhani wali mweupe una sumu ambayo pumba huizuia. Mwenzake Gerrit Grijns ndiye aliyeeleza, mwaka 1901, kwamba kuna kitu cha lazima kwenye pumba ambacho wali mweupe hauna. Leo tunakiita vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel. Binadamu wameokolewa na kuku waliolegea miguu, na mimi naona ni haki nasi tuwatazame miguu yao kwa makini.

Vitamini inayomhusu mtagaji kwa karibu zaidi ni D3, kwa sababu bila hiyo kalsiamu hupita tumboni bila kufyonzwa, hata ukimlundikia chokaa. Kuku huitengeneza mwenyewe kwa jua linalopiga ngozi ya miguu yake isiyo na manyoya. Banda lenye kivuli kutwa humnyima. Tena D3 hiyo, iwe ya jua au ya pakiti, lazima kwanza ipitie kwenye ini ndipo ifanye kazi. Hapo ndipo mahindi yenye ukungu yanapoingia katika habari ya ganda. Sumukuvu hushambulia ini. Ni sumu ile ile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, na iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Tabia ya kusema "haya yameharibika, wape kuku" inaniumiza moyoni. Ini la kuku likichoka, D3 haiandaliwi, kiini hakitengenezwi vizuri, mayai hupungua na ganda hulegea, na mfugaji anaongeza chokaa huku ugonjwa uko kwenye gunia la mahindi.

Tulikuwa bado hatujajibu kwa nini Februari. Chakula kile kibovu nilikuwa nimewalisha tangu mwisho wa Desemba. Kaskazi ilipokaza, kuku walianza kutweta kutwa, midomo wazi, mabawa wameyaachia. Kuku hana jasho. Hupoza mwili kwa pumzi. Lakini kwa kutweta hupoteza hewa ya ukaa nyingi, na hewa ya ukaa ndiyo nusu ya pili ya ganda. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani waliwapa kuku waliokuwa kwenye joto maji yenye gesi, kama ya soda isiyo na sukari, na ganda likawa nene zaidi. Mfugaji wa Kibaha hataweza kununua soda kwa kuku 300. Anaweza kuweka vyombo vya maji kivulini na kubadilisha maji mchana, kwa maana kuku hunywa maradufu ya anachokula na huyakataa maji ya moto. Anaweza kulisha saa kumi na moja alfajiri na tena jioni, aache saa za jua kali. Kuku wangu walikuwa wanakula kidogo, chakula chenye kalsiamu kidogo, nusu ya chokaa yake ikiwa mchanga, huku wakipoteza pumzi. Kila kitu kilikutana.

Mtu asije akasoma haya akakimbilia kuwapa chokaa vifaranga. Kabla ya kutaga, kalsiamu asilimia 1 hivi inatosha. Chakula cha kutagia kwa mtetea wa wiki nane au kumi huziharibu figo zake, na figo hazirudi. Anza kupandisha, asilimia 2 hadi 2.5, kama wiki mbili kabla ya yai la kwanza, upanga unapoanza kukua na kuwa mwekundu, maana ndipo ule mfupa wa akiba unapojengwa. Likitoka yai la kwanza, ndipo upande kabisa.

Wale sita waliobaki kati ya saba niliwatenga chini kwenye maranda, kila mmoja na maji na chakula karibu na mdomo, chenga za chokaa kwenye kifuu, na D3 kwenye maji kwa siku chache kama bwana mifugo alivyoelekeza. Wawili walisimama siku ya tatu. Wawili zaidi ndani ya wiki. Waliobaki hawakusimama, na sikuwaacha wateseke.

Kwa kundi zima nilibadilisha chakula, na kila jioni saa kumi na nusu nikawa natia kilo 2 za chenga kwa kuku 300. Nilianza pia kukausha maganda kumi kila Jumapili na kuyapima kwenye mzani mdogo wa jikoni. Jumapili ya kwanza yalikuwa gramu 41. Ya nne, 57. Trei zilishuka hadi sita kisha zikapanda taratibu.

Nikafuata na jambo jingine ambalo bwana mifugo alinifundisha: usiku, kuku wakiwa kichanjani, unapitisha kidole kwenye mfupa wa kidari, kutoka shingoni kwenda tumboni. Unapaswa kuwa umenyooka kama ukingo wa jahazi. Nilipita kwa kuku wote waliobaki, siku tatu, taa mkononi, mjukuu akiandika. Mia moja na nne walikuwa na kidari kilichopinda au chenye kovu la kuvunjika. Miezi saba baadaye, maganda yakiwa magumu na wateja wamerudi, niliwapitia tena. Vidari vilikuwa vimepinda vile vile.